Mombasa hadi Kingston kupitia London: siku 19 na viza ya mahali tusikokwenda

Nimeiandika simulizi hii wiki mbili baada ya kurudi Mombasa, kutokana na kijidaftari nilichokuwa nikijaza kila usiku, risiti nilizozitia kwenye bahasha moja na picha za simu. Mdogo wangu wa kike aliolewa Kingston, Jamaika, Juni 2024, nami nilifuatana na Mama, mwenye umri wa miaka 67, kwenda kumwoza. Mwenye pasipoti ya Kenya haombi viza ya kuingia Jamaika. Taabu yetu yote ilikuwa ni London, mahali ambapo hatukuwa na shughuli yoyote ila kubadilisha ndege, na kwa sababu hiyo nimeamua kueleza zaidi habari za njiani kuliko za harusi.

Kabla ya safari: Machi hadi Mei

Tikiti tuliuziwa mwezi wa Machi na wakala mmoja wa mjini, ambaye alituhakikishia mara mbili kwamba hatuhitaji viza yoyote. "Nyinyi mnapita tu," alisema. Alichotuuzia kilikuwa ni tikiti mbili zisizojuana: ya kwanza ya Nairobi hadi Heathrow kwa shirika moja, na ya pili ya Gatwick hadi Kingston kwa shirika jingine, kesho yake saa sita mchana. Nilimwamini, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kujiridhisha kuhusu Jamaika na sikuwa na wazo kwamba nchi ya katikati nayo ina neno.

Aliyenizindua ni mwalimu mwenzangu wa Jiografia, tulipokuwa tukinywa chai katika chumba cha walimu. Aliniuliza swali moja: "Masanduku yenu mtayachukulia wapi?" Nikamjibu kwamba tutayachukua Heathrow, tuyapeleke Gatwick. Akanitazama, akaniambia kwamba basi tunaingia Uingereza.

Ndivyo ilivyo. Heathrow iko magharibi ya London na Gatwick iko kusini, na baina yao kuna mwendo wa kilomita 65 hivi wa barabara kuu. Hakuna ujia wa ndani unaoviunganisha viwanja hivyo viwili. Msafiri hana budi kupita mbele ya afisa wa uhamiaji, kuchukua mzigo wake kwenye mkanda, kutoka mlangoni na kupanda basi kama mtu mwingine yeyote aliyemo nchini humo. Hata kama tungeshukia Heathrow na kuondokea Heathrow, bado tikiti mbili zisizounganishwa zingetulazimisha kutoka nje kuufuata mzigo na kuukabidhi upya, kwa kuwa shirika la kwanza halina mapatano na la pili.

Uingereza ina viza mbili za wapitaji. Moja ni ya abiria asiyevuka dirisha la uhamiaji, ambaye hushuka ndege hii na kupanda ile akiwa bado upande wa ndani. Mwaka huo ada yake ilikuwa pauni 35. Nyingine ni ya anayevuka dirisha hilo ili aendelee na safari ndani ya saa 48. Hiyo ilikuwa pauni 64. Wenye pasipoti za Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wote wamo katika orodha ya wanaotakiwa kuwa na viza hata ile ya kwanza, yaani viza ya kukaa tu kwenye kiti cha uwanja.

Nikapiga hesabu. Tungepita London mara mbili, kwenda na kurudi. Viza ya kawaida ya mgeni ilikuwa pauni 115, karibu Sh19,000 kwa kiwango cha siku ile, nayo humruhusu mtu kuingia na kutoka mara nyingi ndani ya miezi sita. Nilichagua hiyo kwa ajili yetu sote wawili, kwa sababu niliogopa saa 48 zisije zikatubana endapo ndege ingechelewa. Wakati ule niliona kama ninatia chumvi katika hofu yangu. Mtaona mbele jinsi mambo yalivyokuwa.

Fomu hujazwa mtandaoni, kisha mwombaji huenda mwenyewe kituoni kutoa alama za vidole. Tulikwenda Nairobi kwa kazi hiyo ya dakika ishirini. Mama ameshona kofia na kukuna nazi tangu utotoni, na ncha za vidole vyake zimelainika hata mashine haikuweza kuzisoma. Binti aliyetuhudumia alimpangusa vidole kimoja kimoja kwa karatasi laini, akamwambia, "Bonyeza polepole, Mama, usiwe na haraka," na mara ya nne taa ya kijani ikawaka. Binti yule hakuonyesha uchovu hata kidogo, ingawa nyuma yetu watu walikuwa wamejaa.

Kwa atakayeomba: hati iliyotusaidia zaidi, kwa maoni yangu, haikuwa taarifa ya benki. Ilikuwa ni ushahidi kwamba tunaruhusiwa kuingia kule tunakokwenda. Nilichapisha ukurasa wa idara ya pasipoti na uhamiaji ya Jamaika unaoeleza kuhusu raia wa Jumuiya ya Madola, nikauambatanisha na tikiti zote nne za kwenda na kurudi, barua ya mwaliko ya mdogo wangu na barua ya ruhusa kutoka shuleni kwangu. Pasipoti zilirudi wiki tatu kasoro siku moja.

Jumamosi, 22 Juni: Mombasa hadi Nairobi

Treni ya saa tisa alasiri kutoka Miritini, daraja la kawaida, Sh1,500 kila mtu. Tulilala South B kwa binamu yangu. Hapo ndipo Mama alipoiacha nyama aliyoikausha kwa siku mbili, kwa sababu Uingereza hairuhusu abiria wa kutoka kwetu kuingiza nyama wala maziwa, nasi tulikuwa tunaingia Uingereza hata kama ni kwa usiku mmoja. Achari ya maembe ilibaki katika sanduku kubwa. Binamu alifurahi mno kuhusu nyama.

Jumapili, 23 Juni: Uwanja wa Jomo Kenyatta

Ndege yetu iliondoka karibu na usiku wa manane, nasi tulifika uwanjani saa mbili na nusu. Jambo ninalolikumbuka zaidi katika safari nzima lilitokea hapo kwenye foleni, nalo halikutuhusu sisi.

Mbele yetu alisimama kijana wa miaka ishirini na kitu, amevaa suti ya kijivu ambayo bado ilikuwa na mkunjo wa dukani mgongoni, ameshika bahasha ya kaki. Sanduku lake lilizungushiwa nailoni ya kijani kutoka juu hadi chini. Alikuwa anakwenda Barbados, ambako pia Mkenya haombi viza, kwa tikiti moja iliyounganishwa Heathrow. Mzigo wake ungefika moja kwa moja. Hakuwa na sababu ya kuvuka uhamiaji wa Uingereza, na alilieleza hilo vizuri kabisa. Mfanyakazi wa kaunta aliandika katika kompyuta, akasoma, akaandika tena, kisha akamwita msimamizi wake.

Mashirika ya ndege hutazama masharti hayo katika mfumo uitwao Timatic, unaoendeshwa na IATA, muungano wa mashirika hayo. Hujazwa pasipoti ya abiria, anakotoka, anakopitia na anakokwenda, na jibu huja papo hapo. Jibu la kijana yule lilikuwa kwamba anahitaji viza ya kupita ndani ya uwanja, ile ya pauni 35. Angekuwa na viza halali ya Marekani au ya Kanada katika pasipoti yake angeachwa apande, lakini hakuwa nayo. Msimamizi hakumkemea. Alimweleza kwamba sheria ya Uingereza inaliruhusu shirika litozwe pauni 2,000 kwa kila abiria linayemfikisha bila hati zinazotakiwa, na kwamba yeye hana uwezo wa kumpandisha.

"Lakini kwenye tovuti ya Barbados wameandika wazi kwamba Wakenya hawahitaji viza," kijana alisema.

"Ni kweli, ndugu yangu. Barbados hawakukatai."

Alisogea kando, akaketi juu ya sanduku lake la kijani na kumpigia simu mama yake. Tulipomaliza kukaguliwa Mama alimfuata, akamshika bega na kumpa chupa ya maji. Kijana alisimama haraka, akasema "Shikamoo, Mama," na sauti ikamkatikia hapo. Nilimwandikia nambari yangu na jina la viza anayotakiwa kuomba, maana katika ile bahasha ya kaki alikuwa na kila kitu kingine: barua ya chuo, risiti ya hosteli, cheti cha chanjo. Kwa tofauti ya pauni 35 na swali moja ambalo muuza tikiti hakuliuliza, aliikosa ndege yake.

Jumatatu, 24 Juni: Heathrow na barabara ya Gatwick

Tulitua alfajiri. Katika ukumbi wa uhamiaji kuna milango ya mashine kwa wenye pasipoti za nchi fulani, na foleni ya watu wengine wote. Yetu ilichukua saa moja na dakika kumi. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo. Aliuliza tunakaa siku ngapi, nikamwambia ni moja, akainua uso. Nilimwonyesha tikiti ya Gatwick ya kesho yake na nafasi ya hoteli. Akamgeukia Mama, akamwuliza anakwenda kufanya nini Jamaika. Mama akajibu kwa Kiingereza chake cha shule ya misheni kwamba anakwenda kumwoza kitindamimba wake, na afisa akagonga mhuri.

Tafadhali chapisheni tikiti ya kuendelea kwenye karatasi. Simu yangu haikushika mtandao wowote ndani ya ukumbi ule, na mtu aliyekuwa mbele yetu aliambiwa akae kando mpaka apate ujumbe wa tikiti yake.

Kituo cha mabasi kilitushinda kidogo kwa masanduku manne. Mwanamume mmoja aliyevaa fulana ya kung'aa ya wafanyakazi alimsikia Mama akilalamika kuhusu goti lake, akaja moja kwa moja. "Jambo mama! Munatoka wapi?" Alikuwa mwenyeji wa Bukavu, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, aliyeishi Uingereza miaka mingi. Alituvutia masanduku hadi kwenye kibao cha basi letu, akatununulia chai mbili, na alipokuwa akisubiri nasi alitusimulia habari za mdogo wake aliyetaka kwenda Brazili kwa biashara kupitia Paris. Kongo ni mojawapo ya nchi 12 ambazo raia wake hutakiwa na nchi zote za Schengen, yaani zile za Ulaya zilizojifanya eneo moja la kusafiri bila mipaka baina yao, kuwa na viza ya kupita uwanjani, pamoja na jirani zetu wa Somalia na Ethiopia. Mdogo wake hakulijua hilo, naye alirudishwa kutoka kwenye kaunta kama kijana wetu wa Nairobi. "Sasa mimi niko na pasipoti ya hapa," alisema, "napita kila fasi, hakuna mutu ananiuliza. Lakini miye ni ule ule." Mama alimpa mahamri sita yaliyobaki.

Nafungua mabano hapa kwa ajili ya wanaopitia bara la Ulaya. Kenya, Tanzania na Uganda hazimo katika zile nchi 12, ingawa nchi moja moja za Schengen zina orodha zao za ziada, ambazo ni lazima kuzitazama. Lakini hata asiyemo katika orodha yoyote hunaswa na jambo jingine: viwanja viwili vya Schengen katika safari moja. Ukishuka Amsterdam na kupanda ndege ya Frankfurt ili kutoka huko uende ng'ambo, ile safari ya katikati ni ya ndani ya eneo lao, kwa hiyo unavuka mpaka Amsterdam, na unahitaji viza kamili ya Schengen. Kiwanja kimoja, sawa, viwili, hapana. Rafiki yangu alilipia tikiti ya namna hiyo kwa sababu ilikuwa rahisi kwa Sh8,000, akalazimika kuitupa.

Basi la kwenda Gatwick lilituchukua saa moja na robo, pauni 15 kila mmoja. Mama alitazama mashamba ya kijani njia nzima na kuuliza kwa nini hakuna mtu anayeonekana akilima. Hoteli karibu na uwanja, vitanda viwili, pauni 92 bila kiamshakinywa. Tulikula wali wa kununua kwa achari yetu wenyewe, tukalala saa kumi na mbili jioni jua likiwa bado juu.

Jumanne, 25 Juni: Gatwick hadi Kingston

Kwenye kaunta walitazama pasipoti zetu kwa dakika kumi kabla ya kukubali kwamba Mkenya huingia Jamaika bila viza. Ile karatasi ya idara ya Jamaika ilitufaa tena hapo. Tulikuwa angani kwa muda wa saa kumi hivi.

Norman Manley ni uwanja uliojengwa juu ya ukanda mwembamba wa ardhi uitwao Palisadoes, bahari huku na bandari ya Kingston kule, na ndege inaposhuka mtu huona maji pande zote mbili. Tulikuwa tumejaza fomu ya kuingia mtandaoni tangu usiku uliopita. Afisa aliuliza tunafikia wapi, akatazama tikiti ya kurudi na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho Jamaika humtaka mtu anayetoka nchi zenye ugonjwa huo kama Kenya, akagonga mihuri miwili. Nilitazama saa yangu kwa makusudi. Dakika nne kwa watu wawili, katika nchi tuliyokuwa tukiiendea, baada ya wiki tatu na pauni 230 kwa ajili ya nchi tuliyoipita.

Jumatano, 26 Juni hadi Jumatatu, 1 Julai

Harusi ilifungwa Jumamosi ya tarehe 29, ikapendeza, na Mama alipika pilau kwa pilipili manukato ya Jamaika baada ya mdalasini wake kuisha. Jambo moja tu la siku hizo linahusu mada yangu. Shemeji yetu alituambia kwamba pasipoti ya Jamaika nayo imo katika orodha ile ile ya Uingereza, na kwamba alipokuja Mombasa kutuposea mwaka uliotangulia yeye pia aliomba viza ya kupita London. Watu wa pande mbili za bahari, wote walikuwa chini ya Waingereza, kila mmoja anakaribishwa na mwenzake bila viza, na baina yao kuna mlango ambao wote wawili hulipia.

Jumanne, 2 Julai hadi Alhamisi, 4 Julai: Kimbunga Beryl

Ndege yetu ya kurudi ilikuwa ya Alhamisi tarehe 4, ituunganishe na ya Heathrow kwenda Nairobi Ijumaa usiku. Tangu Jumapili redio ilikuwa ikitaja Beryl, na Jumanne watu wa mtaa walikuwa wakipigilia mbao madirishani na kujaza maji katika kila chombo. Uwanja ukafungwa. Jumatano serikali ilitangaza amri ya kutotoka nje nchi nzima kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na alasiri kimbunga kikapita baharini kusini ya kisiwa, kikiwa cha daraja la 4. Nyumba ilitetemeka. Mwembe wa jirani uliangukia ukuta, umeme ukakatika, na Mama alikaa kwenye ujia wa katikati ya nyumba akivuta uradi mpaka upepo ulipotulia usiku. Hatukuumia. Sehemu za kusini-magharibi, kuelekea Saint Elizabeth, ndizo zilizopigwa vibaya zaidi.

Alhamisi hakukuwa na ndege.

Ijumaa, 5 Julai: simu

Jirani mmoja mwenye jenereta alituruhusu tuchaji simu sebuleni kwake na tupige kutoka huko, akakataa katakata malipo ya mafuta. Nilikaa kwenye kiti chake cha kamba kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana.

Binti wa shirika la ndege alikuwa mpole na alitaka kutusaidia kweli. Alikuwa na nafasi mbili za Jumamosi: Kingston hadi Miami, saa tatu za kusubiri, kisha London. "Mna viza ya Marekani?" Sikuwa nayo. Marekani haina utaratibu wa kumwacha abiria wa kigeni akae upande wa ndani akingoja ndege ya kwenda nchi nyingine. Kila anayeshuka hupita uhamiaji na kuchukua mzigo wake, hata kama ana saa mbili tu. Viza yao ya kupita, iitwayo C-1, ilikuwa dola 185 mwaka huo na huhitaji mahojiano ubalozini. Akajaribu Toronto. Viza ya kupita ya Kanada haina ada, nayo ni kwa wanaokaa chini ya saa 48, lakini huombwa mapema na haitolewi uwanjani. Nikamsikia akiandika kwa muda mrefu. Akauliza kama kati yetu kuna mwenye pasipoti nyingine yoyote.

Katika chumba kile cha jirani kulikuwa na familia ya Kiingereza iliyokuwa ikikodi nyumba ya pili kutoka kwetu, nao walikuwa kwenye ndege ile ile iliyofutwa. Baba yao alimaliza simu yake kwa dakika kumi na mbili, walipewa Miami. Alikuja kutuuliza kama tutaonana kesho uwanjani. Nilipomweleza alinyamaza, akasema hakujua kabisa kwamba kuna watu hawawezi kubadilisha ndege, na akatuachia betri yake ya akiba ya simu kwa sababu wao wangefika kwao mapema. Ninayo hadi leo.

Tulipata Jumapili tarehe 7, moja kwa moja hadi Gatwick.

Hapo ndipo zile pauni 115 ziliporudisha thamani yake. Viza yetu ilikuwa ya miezi sita, kwa hiyo kuchelewa kwa siku tatu hakukubadilisha chochote. Kilichotuumiza ni zile tikiti mbili zisizojuana. Shirika la ndege ya Kingston lilitubadilishia siku bure kwa sababu ya kimbunga; lile jingine, lililokuwa litupeleke Nairobi, halikuwa na habari na kimbunga, kwani kwa hesabu zake sisi tulikuwa abiria wawili tulioshindwa kufika Heathrow. Kila mmoja wetu alitozwa pauni 150 pamoja na tofauti ya nauli, pauni 61. Tungekuwa na tikiti moja iliyounganishwa, kazi ya kututafutia ndege nyingine ingekuwa yao.

Jumapili, 7 Julai hadi Jumatano, 10 Julai

Mdogo wangu alilia uwanjani, Mama hakulia. Gatwick asubuhi ya Jumatatu. Foleni fupi safari hii, na afisa kijana aliyetazama mhuri wa kwanza akauliza tu kuhusu kimbunga. Basi hadi Heathrow. Tulikaa kwenye viti vya chuma saa tisa. Nairobi Jumanne alfajiri, ambako afisa wetu alisema "Karibuni nyumbani" bila hata kuinua kichwa, na Mama akamjibu kwa dua ndefu. Tulipumzika South B, na Jumatano tukapanda treni.

Gharama za London peke yake, kwa watu wawili, kwa wanaotaka kupanga: viza pauni 230, safari ya Nairobi kwa ajili ya alama za vidole Sh11,400 pamoja na chakula, mabasi ya viwanja pauni 60 kwenda na kurudi, hoteli pauni 92, chakula pauni 47, na kubadilisha tikiti pauni 422 kama nilivyoeleza. Ada hupanda mara kwa mara, kwa hiyo zitazameni upya katika tovuti ya serikali ya Uingereza na si kwa wakala. Na tikiti msiilipie kabla ya kujua mambo matatu kwa kila kiwanja mtakachoshukia: sanduku mnalichukulia wapi, kama mnavuka uhamiaji, na nchi ile inataka nini kwa pasipoti yenu hata msipovuka.

Yule kijana wa suti ya kijivu alinipigia tarehe 28 Juni, nikiwa katikati ya kusuka ukili wa mapambo ya harusi, kuuliza jinsi ya kujaza sehemu ya fomu inayouliza anakaa siku ngapi Uingereza. Nilimwambia aandike ukweli, saa nne. Viza yake ilitoka katikati ya Julai na chuo kilimkubalia kuchelewa. Jumamosi iliyopita alinitumia picha aliyoipiga Heathrow, ameketi upande wa ndani mbele ya dirisha kubwa la kioo, sanduku lake likiwa limetangulia chini ya ndege. Mama aliniomba nimwongezee ukubwa wa picha ili aone kama amekula.